Asilimia 30 ya Tenda za Serikali Iko Kwa Sheria: Mbona Msee wa Myanga Bado Anasoma Tu Notisi Kwa Ukuta?

Leo wacha tuweke kando stori za nani ameachana na nani, tuongee ganji. Ganji kubwa. Hapa Kenya hakuna customer anaishinda serikali. Inanunua maharagwe ya shule, sabuni ya hospitali, karatasi za ofisi, murram ya barabara, hata chai ya mikutano ile isiyoisha. Na kuna sheria inasema kipande cha hiyo shopping ni cha vijana, akina mama na watu wanaoishi na ulemavu. Si ahadi ya kampeni, ni sheria yenye namba na kifungu.

Sasa shuka Myanga, huku Bumula, kaunti ya Bungoma. Uliza mabeshte pale stage ya boda ni nani amewahi kuuzia serikali kitu. Wengi watakucheka. Mmoja atakwambia ana binamu alipata tenda na akajuta. Mwingine atakuuliza kama umetumwa na mheshimiwa. Kuna umbali mkubwa kati ya ile karatasi iko Nairobi na huyo msee amekalia pikipiki, na ukiuangalia vizuri utaona haujaletwa na uvivu wa mtu yeyote. Vile mpango wenyewe umeundwa, lazima hapo katikati pangeachwa shimo.

Kwanza tujue form ilianza wapi. Katiba ya 2010, Kifungu cha 227, inataka serikali inunue vitu kwa haki, kwa uwazi na kwa bei yenye akili, halafu inaruhusu makundi yaliyoachwa nyuma yapewe nafasi ya kwanza. Kanuni za 2011 zilianza na asilimia 10. Mwaka wa 2013, Uhuru Kenyatta akiwa ameingia Ikulu juzi tu, hiyo 10 ikapandishwa hadi 30. Ndipo likazaliwa jina AGPO, ambalo ukilisikia kwa redio unadhani ni dawa ya mifugo. Sheria ya manunuzi ya 2015 ikalipigilia msumari: kila taasisi ya umma, kuanzia wizara, kaunti, hadi shule ya upili ya umma hapo kijijini, itenge angalau asilimia 30 ya bajeti yake ya manunuzi kwa hayo makundi matatu. Ndani yake, angalau asilimia 2 iende kwa watu wanaoishi na ulemavu.

Skiza vizuri hapo, juu watu wengi huchanganya. Hiyo 30 si ya vijana peke yao. Mnagawana na mathe wako na jirani yako anayetumia wheelchair.

Na cheti chake ni bure. Rudia na mimi: bure. Ukikutana na broker nje ya cyber anakuitisha ngiri tano "ya kuharakisha", huyo anakukula. Unahitaji kitambulisho, biashara iliyosajiliwa, PIN ya KRA na cheti cha kuonyesha umemaliza mambo ya ushuru. Kama ni kampuni, wenye umri wa ujana, yaani 18 na hawajafika 35, wawe na angalau asilimia 70 ya umiliki, na uongozi wote uwe wao. Kwa hivyo ukiweka mzee wako wa miaka 60 kuwa director ndio kampuni ionekane nzito, umejitoa kwa mchezo mwenyewe. Kama ni mambo ya ujenzi, ongeza usajili wa NCA, na usiogope, ngazi ya chini kabisa ni NCA 8, hapo ndio wengi huanzia. Usajili wenyewe unafanyika mtandaoni, na ukikwama kuna Huduma Centre Bungoma na ingine Kitale.

Kuna kitu kingine kitamu hawakuambiangi. Kwa tenda za kawaida, mtu huitishwa dhamana ya benki ndio aombe. Wewe wa AGPO hauitishwi. Unajaza tu fomu ya kuapa kwamba ukipewa kazi hautakimbia. Kwa karatasi basi, mambo ni safi.

Shida ya kwanza ni hii: sheria inaangalia umri wako, jinsia yako na hali ya mwili wako. Haiulizi unalala wapi. Kijana wa Kilimani mwenye laptop, ofisi ya kukodisha kwa saa, na mjomba kwenye wizara, na kijana wa Myanga mwenye bundles za mbao, kwa macho ya AGPO ni mtu mmoja. Wote ni "vijana". Wote wana cheti kile kile. Tenda ikitoka, nani ataiona kwanza? Nani ataweza kuskani kurasa 60, azijaze, azirudishe kabla ya saa nne asubuhi siku ya kufunga? Tusidanganyane.

Wamarekani walishaona hii kitu. Mwaka wa 1997 walitunga sheria ya mpango unaoitwa HUBZone, ambao unaangalia mahali. Wanachora ramani ya maeneo yenye umaskini au ukosefu wa kazi, mengine vijijini, mengine mitaa ya mji, na biashara ndogo ambayo ofisi yake kuu iko ndani ya hiyo ramani, na angalau asilimia 35 ya wafanyakazi wake wanaishi ndani ya maeneo kama hayo, inapewa nafasi maalum. Lengo la serikali yao ni asilimia 3 ya kandarasi zote. Hiyo ya wafanyakazi ndio naipenda zaidi, juu inafuata mshahara hadi mahali unalala. Hauwezi kukuja na wasee wako wote kutoka mji mkubwa halafu useme umeinua kijiji.

Lakini usidhani huko ni mbinguni. Hata hiyo asilimia 3 imewashinda miaka mingi. Na mwaka wa 2008, wakaguzi wa Bunge lao walitunga kampuni nne za uongo waone kama mpango una macho. Zote nne zikapewa cheti. Moja iliandika kwamba ofisi yake kuu iko kwa anwani ya Alamo, ile ngome ya kihistoria ya Texas ambayo watalii huenda kupiga picha. Ni kama wewe uandike kampuni yako iko ndani ya Fort Jesus, chumba cha pili kulia. Na mtu agonge muhuri.

Sisi tuko na kitu kinachokaribia hiyo. Sheria ya 2015 inasema kaunti ihakikishe angalau asilimia 20 ya manunuzi yake inaenda kwa wakaazi wa hiyo kaunti. Wengi hawajui hii kabisa, wanaimba tu 30, 30. Hiyo 20 ndio inamhusu zaidi msee wa Myanga, juu hapa umri si hoja, hata mzee wa duka anaingia. Ila angalia tundu lake: "mkaazi wa kaunti" ni nani? Mtu mwenye hardware ya ghorofa tatu katikati ya Bungoma mjini ni mkaazi. Kontrakta anayeishi Nairobi lakini boma lake la Krismasi liko Kimilili, akipanga karatasi vizuri, naye atakwambia ni mkaazi. Bumula, Mlima Elgon, Tongaren, wote wanawekwa kapu moja na mjini, na kwa hilo kapu aliye karibu na ofisi ndiye hujaza kwanza.

Kuna dawa moja sheria imeacha mezani: kugawanya tenda. Taasisi inaruhusiwa kuvunja kazi kubwa iwe vipande ambavyo watu wa AGPO wanaweza kubeba. Badala ya tenda moja ya kupeleka maziwa au viti kaunti nzima, ambayo inahitaji lori na milioni kadhaa, unaweza kuikata kwa wadi. Wadi ya Kimaeti ikae na yake, Siboti na yake. Hapo hata kikundi cha vijana kumi chenye pikipiki mbili kinaingia. Kwa ofisi ya manunuzi hiyo ni kazi zaidi, kusaini karatasi saba badala ya moja, na afisa asiposukumwa ataichukua hiyo moja. Naelewa. Hata mimi ningependa kuandika stori moja nilipwe ya saba.

Lakini wacha tuseme umepita hapo kote. Umepata cheti, umeona notisi, umeomba, umepewa. Mtaa mzima umesikia. Sasa ndio mateso yanaanza, na hii ndio sehemu imevunja wasee wengi kuliko ufisadi.

Chukua mfano wa shule, juu kijijini shule ndio customer wa serikali aliye karibu zaidi. Hizi namba ni za kupigia hesabu tu. Tuseme umepata LPO ya kupeleka magunia 50 ya mahindi kwa 4,000 kila gunia. Hiyo ni 200,000. Unanunua kwa wakulima kwa 3,200, unatoa 160,000. Usafiri na wa kubeba, 15,000. Umebaki na 25,000 faida. Si mbaya, eh?

Sasa hiyo 160,000 unaitoa wapi? Hustler Fund ya mtu binafsi iliyozinduliwa Novemba 2022 ilianza na mikopo ya 500 hadi 50,000, na inataka ulipe ndani ya siku 14. Serikali haijawahi kulipa mtu kwa siku 14. Benki inataka title deed, na shamba bado ni la babu. Unaangukia shylock wa asilimia 20 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza riba ni 32,000. Umeona? Faida ni 25,000, riba ya mwezi mmoja ni 32,000. Umepoteza 7,000 kabla hata cheque haijaandikwa. Ikifika mwezi wa nne, riba ni 128,000. Uko chini 103,000, shylock anajua kwenu, na wanafunzi walishakula hayo mahindi, wakafunga shule, wakarudi.

Na mwalimu mkuu mwenyewe si lazima awe mwizi. Yeye pia anangojea capitation, ile 22,244 kwa kila mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka, ambayo hukuja kwa vipande na kwa kuchelewa. Hazina ikikawia, shule inakawia, na wewe uliye mwisho wa foleni ndio unageuka benki ya serikali bila leseni. Kijana wa Myanga anakopesha Jamhuri ya Kenya. Ukiiangalia hivyo utacheka, halafu utanyamaza.

Juu ya kaunti, hali ni ile ile na sufuri zimeongezeka. Ripoti ya Mdhibiti wa Bajeti, Margaret Nyakang'o, ilionyesha kwamba kufikia 30 Juni 2024 kaunti zilikuwa na madeni ya wauzaji na makontrakta ya zaidi ya shilingi bilioni 180. Zaidi ya nusu ni Nairobi peke yake. Kwa upande wa serikali kuu, mwaka wa 2023 ikabidi iundwe kamati chini ya aliyekuwa Mkaguzi Mkuu, Edward Ouko, kuchambua madeni ya tangu 2005. Elfu mbili na tano! Kuna mtoto alizaliwa mwaka huo sasa ana umri wa kuomba AGPO yeye mwenyewe. Siku ya Madaraka ya 2019, Uhuru aliagiza madeni yasiyo na swali la ukaguzi yalipwe kabla mwaka wa fedha haujaisha. Agizo lilipigiwa makofi Narok. Wengine bado wanangoja.

Watu wa Bumula hawahitaji mtu awafundishe kungojea malipo. Hii ni nchi ya miwa. Ukoo mzima umewahi kupeleka miwa Nzoia halafu ukahesabu miezi. Ndio maana ukimwambia mzee wa hapa "nimepata tenda ya serikali", hakupi pongezi moja kwa moja. Anauliza kwanza, "Na watalipa?"

Hapo ndio sasa inaingia ile biashara ya kukodisha cheti. Kila mtu anaijua, hakuna anayeiandika. Tajiri wa mji, amepita 35 kitambo, hafai kwa AGPO. Anamtafuta kijana au mama mwenye cheti. "Nipe karatasi zako, mimi natoa pesa, wewe nakuachia asilimia kidogo." Kijana anasaini. Kwa ripoti ya serikali, tenda imeenda kwa vijana, asilimia imetimia, waziri anapiga picha. Kwa ukweli, tajiri amekula mnofu, na kijana amepewa supu.

Nitasema kitu ambacho baadhi yenu hamtapenda: mimi siwezi kumlaumu sana huyo kijana. Amepiga ile hesabu ya mahindi hapo juu. Anajua yeye hawezi kungoja miezi sita na tajiri anaweza. Ukichelewesha malipo, umeshaamua tenda itaenda kwa mwenye pesa, hata kama cheti kina sura ya nani. Ila kuna kitu kijana hajapigia hesabu. Jina kwa mkataba ni lake. Mali ikiwa mbovu, bei ikiwa ya wizi, makachero wa EACC wakikuja hawatauliza nani alitoa pesa kwanza. Watauliza nani alisaini.

Na Bungoma tunajua vile hizo stori huishia. Hakuna mtu hapa amesahau wilbaro za 2015. Wilbaro kumi, kila moja 109,320. Jumla, milioni moja, tisini na tatu elfu na mia mbili. Kwa bei ya wilbaro moja ya hiyo, mwenye hardware angekuuzia za kujaza pickup na akupe soda. Kenya nzima ilitucheka, tukawa meme kabla hatujajua meme ni nini. Lakini kicheko kilifunika swali: kama kazi ndogo hivyo, ya vitu kumi vya kusukuma, ingepewa fundi wa kuchomelea wa hapa hapa, kwa bei ya soko, na bei ikabandikwa mahali watu wanaona, nani angethubutu kuandika laki moja?

Kubandika bei si ndoto. Agizo la Rais namba 2 la 2018 lilitaka kila taasisi ianze kuchapisha tenda ilizotoa kuanzia Julai mwaka huo: nani amepewa, kwa bei gani, wakurugenzi ni akina nani. Tovuti iko, ni tenders.go.ke. Ingia uone. Taasisi zingine zimejaza vizuri, zingine ni kama zimehama nchi. Juu ya hapo, sheria inataka kila taasisi ipeleke ripoti ya kila miezi sita kwa PPRA, wale wasimamizi wa manunuzi, kuonyesha wametoa nini kwa makundi ya AGPO. Kwa hivyo hizo namba ziko mahali. Tatizo ni kwamba zinahesabu "vijana" na "wanawake", hazikuambii kama ni wa Myanga au wa Milimani.

Halafu kuna e-GP, mfumo wa kufanya kila kitu mtandaoni, kuanzia kutangaza hadi kulipa. Hazina ilitaka kila taasisi ihamie huko kuanzia Julai 2025. Magavana wakakataa, stori ikafika kortini. Kila upande una sababu zake. Mimi nikiangalia kutoka stage ya Myanga naona vitu viwili. Kizuri: hautahitaji tena kupanda matatu hadi mjini kutumbukiza bahasha kwa sanduku, halafu uambiwe sanduku lilifungwa dakika tano zilizopita. Kibaya: mfumo ukihitaji kompyuta na network ya kueleweka, mwenye cyber ndiye atakuwa lango jipya, na kila lango hapa Kenya lina mwenye kuitisha kitu.

Kwa hivyo ukiwa kijana uko ushago na unataka kujaribu, mimi ningeanza na kitu kidogo mnachotoa wenyewe. Mboga, maziwa, kuni, kushona uniform, kukata nyasi, kuchimba mtaro. Mali ambayo haihitaji ukope 160,000. Jiungeni kikundi muone Uwezo Fund, ambayo inakopesha vikundi 50,000 hadi 500,000 bila riba, ila ada ya asilimia 3 tu, na inapitia kwa eneo bunge lenu. Youth Fund nayo ina mkopo wa kufadhili LPO. Foleni ni ndefu, nakubali, lakini hakuna riba ya shylock hapo.

Na kabla ya kuomba tenda yoyote, muulize aliyewahi kuuzia hiyo ofisi alilipwa baada ya miezi mingapi. Hilo swali ni la maana kuliko bei.

Kuna lingine pia, halina gharama. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, na kila taasisi lazima iwe na mpango wa manunuzi unaoonyesha itanunua nini na imetenga nini kwa AGPO. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakupa haki ya kuuitisha kwa barua, na wanapaswa kukujibu ndani ya siku 21. Barua haihitaji wakili. Jina lako, namba ya simu, na maswali matatu: mwaka jana mlitoa tenda ngapi kwa AGPO, ngapi kati ya hizo zilienda kwa mtu wa Bumula, na ngapi zimelipwa? Piga picha ukiwa na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Siku 21 zikiisha kimya, peleka hiyo nakala kwa Tume ya Haki ya Utawala, wale wa Ombudsman. Kama kuna mbogi Bumula imeshajaribu, tuandikie hapa chini mliambiwa nini.